Kaya na Kituo: Familia za Askari katika Mpaka wa Ngara na Biharamulo

Kituo cha kazi, kwa maana ya mahali ambapo askari amepangwa kutumikia mpaka atakapopata amri nyingine, huandikwa katika majalada ya jeshi kana kwamba kinamhusu mtu mmoja mwenye namba moja na bunduki moja, ilhali nyuma ya kila namba kuna mwenza, watoto, wazazi wanaozeeka na shamba linalosubiri jembe. Katika pembe ya kaskazini-magharibi ya Tanzania, ambako wilaya ya Ngara inapakana na Burundi na Rwanda na wilaya ya Biharamulo inakaa nyuma yake kuelekea Ziwa Viktoria, athari ya kaya hiyo juu ya amri za jeshi inaonekana waziwazi kuliko sehemu nyingi za nchi. Tangu miaka ya 1890 kila serikali iliyotawala huko imelazimika kuchagua kati ya mahali panapohitaji mlinzi na mahali ambapo familia ya mlinzi inaweza kula, kupata maji, kutibiwa na kusomesha watoto, na mara nyingi mahali pa pili ndipo palipopata kambi. Mabawe, kata ya Ngara iliyo katika nchi ya zamani ya Bugufi, inayokaliwa na Wahangaza walimao migomba, maharage na kahawa kwenye miteremko ya vilima, ni sehemu ya aina ya kwanza. Bukoba, Biharamulo na Tabora ni za aina ya pili, na historia inayofuata ni kwa kiasi kikubwa historia ya umbali uliopo baina ya aina hizo mbili.

Jeshi la kwanza la mshahara kufika katika eneo hilo lilikuwa la Wajerumani, ambao kituo chao cha Bukoba kilianzishwa na Emin Pasha mwaka 1890 na ambao baadaye walijenga boma, yaani ngome iliyokuwa pia ofisi ya utawala na mahakama, mjini Biharamulo. Kufikia mwaka 1914 jeshi lao la koloni lilikuwa na kombania 14, na ile ya 7 ilikuwa na makao yake Bukoba pamoja na vikosi vidogo vilivyowekwa Usuwi, jina ambalo wageni waliliita Busubi na nchi za jirani yake, na Kifumbiro kwenye mto Kagera. Kombania ya 9 ilikaa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Kwa maneno mengine, vilima vya Bugufi vilikuwa katikati ya kombania mbili, vikipitiwa na askari wa doria na wa kukusanya kodi, lakini kambi zenyewe zilikuwa mbali, kando ya maziwa au kwenye njia kuu za misafara ambako chakula kilipatikana sokoni.

Sababu ya kukaa karibu na soko haikuwa ya kivita tu. Askari wa Kijerumani hakupikiwa na jeshi. Hakukuwa na bwalo, yaani chumba cha pamoja ambamo askari hulishwa kutoka jiko moja. Badala yake askari alilipwa fedha, kuanzia rupia 20 hivi kwa mwezi kwa asiye na cheo, kisha kaya yake ikanunua nafaka, ikaitwanga, ikaipika na kumfulia nguo. Jambo hilo lilianza na askari wa mwanzo kabisa, yaani Wasudani mia kadhaa ambao Hermann von Wissmann aliwaandikisha mjini Kairo mwaka 1889 baada ya kuachwa bila kazi na jeshi la Misri, wengi wao wakiwa watu wazima wenye wake na watoto, na ambao walisafirishwa kwa meli hadi pwani pamoja na familia hizo. Serikali iliyotaka bunduki zao ililazimika kuzichukua na kaya zao, na desturi iliyoanzishwa na Wasudani hao ikarithiwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine walioandikishwa baadaye, hata ikawa sehemu ya kile ambacho kijana alikitarajia alipokubali kuwa askari.

Ndiyo maana kando ya kila boma kulikuwa na kijiji cha askari. Nyumba zake zilipangwa kwa safu, kila moja ikiwa na jiko lake na mara nyingi kibustani, na ukubwa wa kaya ulifuata cheo, kwa kuwa shaushi, mwenye cheo cha sajini, aliweza kulisha watu wengi zaidi ya askari wa chini: wake zaidi ya mmoja, watoto, jamaa waliokuja kutafuta kazi, na mvulana wa kumbebea mzigo na bunduki safarini. Mwanamke wa kijiji hicho alipika pombe ya kuuza, alilima, alifanya biashara ndogondogo na wanavijiji wa jirani, na kwa njia hiyo aliingiza katika uchumi wa eneo zile rupia ambazo serikali ilidai zirudi kama kodi. Afisa aliyetafuta mahali pa kujenga kituo alipaswa kuuliza kuhusu maji ya kutosha kaya mia moja na ardhi ya kulimwa na wanawake kabla hajauliza juu ya kilima chenye kuona mbali, na boma lililojengwa bila kujali hayo halikukaa na askari wake kwa amani.

Si haki kuipamba hali hiyo. Baadhi ya wanawake wa vijiji hivyo walitekwa katika vita vya kuzima upinzani, wengine walikuwa watumwa waliokimbilia boma wakitafuta ulinzi na wakajikuta chini ya bwana mwingine, na mume alipohamishwa au kufa, mwanamke aliyekuwa mbali na kwao alikuwa na njia chache za kujikimu isipokuwa kuolewa tena palepale kambini. Hata hivyo, kama mpango wa kijeshi, kaya hiyo ilikuwa na nguvu ambayo wanahistoria walichelewa kuitambua: ilifanya uhamisho uwezekane. Kombania ilipoamriwa kwenda kituo kingine, mji mzima mdogo ulisimama na kuondoka, mwanamke akiwa na mtoto mgongoni, chungu na mkeka kichwani na kuku waliofungwa miguu mkononi, na ulipofika ulianza upya siku ileile.

Vita Kuu ya Kwanza iliijaribu desturi hiyo hadi mwisho wake. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo, yakiwa yamekwisha kuingia Kigali mwezi Mei na Kitega katikati ya Juni, yalishuka hadi Biharamulo, wakati Waingereza wakiingia Bukoba, na askari wa Kijerumani wa eneo hilo wakarudi nyuma kuelekea Tabora, ambayo ilianguka mnamo tarehe 19 Septemba. Waliofuatana na kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, kusini waliendelea kutembea na wake zao kwa zaidi ya miaka miwili. Yeye mwenyewe alikuwa na maoni mawili juu ya jambo hilo: wanawake walirefusha msafara na kula chakula kilichokuwa haba, lakini askari aliyeachanishwa na mkewe alikuwa mwepesi wa kutoroka, kwa hiyo amri za kuwazuia zilitolewa na kulegezwa kwa zamu. Novemba 1917, kabla ya kuvuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, aliacha nyuma mamia ya Wazungu na askari waliokuwa wagonjwa au ambao hangeweza kuwapatia risasi, na miongoni mwa waliobaki wapo ambao wake na watoto wao ndio waliowafanya wakatae kwenda mbele. Hata hivyo, jeshi lililoweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, lilikuwa na askari 1,168 na pamoja nao mamia ya wanawake, wengine wakiwa na watoto waliozaliwa njiani.

Waingereza walikuwa na desturi yao tofauti: mwanzoni mwa karne ya 19 askari wao waliopelekwa ng'ambo waliruhusiwa kwenda na wake 6 tu kwa kila wanaume 100, na waliobahatika walichaguliwa kwa kura, wakati mwingine pale pale bandarini. Jeshi lenye mila ya namna hiyo ndilo lililochukua nafasi ya Wajerumani. Tanganyika ilipata kikosi chake katika King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki lililoundwa mwaka 1902 na kujulikana kwa kifupi kama KAR, na kikosi hicho, cha 6, kilianzishwa mwaka 1917 kwa kutumia pia askari waliokuwa wa Wajerumani. Kwa hiyo kaya zilezile zilizozoea kijiji cha askari zilihamia katika kile kilichoitwa laini, yaani safu za nyumba za askari ndani ya kambi, na hapo zikakutana na utawala mkali zaidi kuliko ule wa zamani.

Laini ilitofautiana na kijiji cha askari kwa kuwa ilihesabiwa. Askari aliyetaka kuishi na mke alihitaji kibali cha kamanda wake, jeshi lilimtambua mke mmoja tu hata kama dini au mila ilimruhusu zaidi, na idadi ya nyumba za wenye ndoa iliwekewa kikomo ambacho hakikulingana na idadi ya waliooa. Nyumba zilikaguliwa usafi, wageni waliandikwa, ugomvi baina ya wanawake ulifikishwa kwa wakubwa, na kwa kawaida mke wa sajini meja ndiye aliyebeba dhamana ya kuwaongoza wenzake, kazi isiyo na mshahara lakini yenye mamlaka ya kweli. Kibali hicho cha kuishi na familia kiligeuka kuwa chombo cha nidhamu, kwa sababu kamanda aliyeweza kukitoa aliweza pia kukiondoa, na askari aliyekosea aliweza kumwona mkewe akirudishwa kijijini. Hapo ndipo mahitaji ya familia yalipoacha kuwa sharti ambalo jeshi lililazimika kulikubali na kuwa zawadi ambayo jeshi liliigawa.

Kwa Bugufi mabadiliko hayo yaliambatana na mengine yaliyokuwa makubwa zaidi. Wabelgiji walishikilia eneo hilo hadi mwaka 1921, na mpaka uliochorwa baada ya makubaliano ya Milner na Orts ya mwaka 1919 baina ya Uingereza na Ubelgiji uliiacha Bugufi upande wa Waingereza ingawa kwa lugha, ndoa na utii wa kifalme ilikuwa imefungamana na Burundi, hivyo kwamba mashemeji wa mtu wa Mabawe waligeuka kuwa raia wa dola nyingine. Waingereza hawakuweka kikosi cha jeshi huko. KAR ilikaa Dar es Salaam na Tabora, na vilima vya mpakani viliachwa mikononi mwa polisi wachache na matarishi, yaani wajumbe wa serikali za wenyeji waliobeba barua na kuwakamata wasiolipa kodi. Matarishi hao waliishi nyumbani kwao, na ndiyo sababu hasa walikuwa rahisi kwa serikali: mlinzi aliyekwisha kuwa na shamba na mke mahali pa kazi hakuhitaji kujengewa chochote.

Wanaume wa Bugufi waliotaka fedha taslimu walitazama zaidi upande wa Buganda kuliko upande wa jeshi. Tangu miaka ya 1920 walikwenda kwa maelfu, pamoja na majirani zao wa Rwanda na Burundi, kulima pamba na kahawa katika mashamba ya Waganda, wakikaa miezi au miaka kisha wakirudi na nguo, baiskeli na fedha za mahari. Uhamaji huo uliwafundisha wanawake wa vilima hivyo kuendesha kaya bila mume muda mrefu kabla jeshi halijawahitaji kufanya hivyo, na unaeleza pia kwa nini ujira wa askari haukuwavutia wengi: Buganda ilikuwa inafikika kwa miguu, mtu aliondoka na kurudi alivyotaka, wakati aliyeandikishwa jeshini alipaswa kufika Tabora, safari ambayo hata baada ya reli kufika Mwanza mwaka 1928 ilianza kwa siku kadhaa za barabara mbaya, na ambayo mke hakuifanya ila akiwa na hakika kwamba nyumba ya laini ipo.

Vita Kuu ya Pili iliivunja hakika hiyo kwa wote. Watanganyika karibu 87,000 waliandikishwa katika miaka hiyo, wakapelekwa Ethiopia, Madagaska na hatimaye Burma, na hakuna mke aliyevuka bahari pamoja nao. Badala ya nyumba, familia ilipewa karatasi: askari alitaja sehemu ya mshahara wake ikatwe kila mwezi na kulipwa kwa mtu aliyemwandika jina, na mtu huyo alikwenda kuichukua katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Migogoro iliyozuka kutokana na mfumo huo ilikuwa ya kila namna, kwa kuwa baba mzazi na mke walidai fungu moja, mashahidi wa ndoa walitafutwa kwa watu ambao ndoa yao haikuwahi kuandikwa, na askari aliyekuwa kwenye mahandaki ya Burma alipata habari za mkewe kwa barua iliyoandikwa na karani na kusomwa na mkaguzi wa barua za jeshi. Meli ya Khedive Ismail ilipozamishwa na Wajapani tarehe 12 Februari 1944 ikiwa na mamia ya askari wa mizinga kutoka Afrika Mashariki, kilichofika kwenye vijiji vingi vya eneo zima la Afrika Mashariki kilikuwa taarifa ya ofisi na hesabu ya malipo, bila mwili wa kuzika.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 vikosi vya KAR vya Tanganyika vilibadilishwa jina kuwa Tanganyika Rifles, kimoja kikikaa katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, na kingine katika kambi ya Kalewa mjini Tabora, majina yote mawili yakikumbusha mapigano ya vita iliyopita. Maasi yaliyoanza Colito tarehe 20 Januari 1964 na kufika Tabora siku iliyofuata hukumbukwa kwa madai ya kuondolewa maafisa wa Kiingereza, lakini dai la pili lilikuwa mshahara, ambao kwa askari wa chini ulikuwa shilingi 105 kwa mwezi, na mshahara ni suala la kaya: askari wa mjini alinunua kila kitu, wakati wenzake waliobaki vijijini walikula cha shambani. Serikali ililivunja jeshi hilo, na tarehe 1 Septemba 1964 ikaanzisha Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, ambalo liliajiri vijana kutoka mikoa yote na kuwachanganya kwa makusudi, ili kikosi kisiwe cha kabila wala cha eneo lake.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara kisiasa, na nchi zilizoshindwa kuufanya zimelipa gharama kubwa, lakini kwa upande wa familia ulikuwa na bei ambayo haikuzungumzwa sana. Jeshi linalochanganya mikoa ni jeshi ambalo, kwa ufafanuzi wake, humweka askari mbali na wazazi na wakwe. Kijana wa Ngara aliyetumikia Mtwara au Nachingwea katika miaka ambayo mpaka wa Msumbiji ndio uliokuwa wa moto hakuweza kuwategemea ndugu kulea watoto wake, kwa hiyo kota, kama laini zilivyoitwa sasa, zilihitajika zaidi kuliko wakati wa ukoloni, na pamoja nazo zahanati ya kikosi na shule ya msingi iliyo karibu na geti. Pale ambapo kota hazikutosha, askari alipanga chumba uraiani, yaani nje ya kambi miongoni mwa raia, au alimwacha mke kijijini na kumwona wakati wa likizo, akisafiri kwa waranti, ile hati ya jeshi inayolipia nauli ya basi au treni.

Vita ya Kagera iliigeuza mikoa ya kaskazini-magharibi kuwa kituo cha kazi cha karibu jeshi zima. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovamia tarehe 30 Oktoba 1978 na kuishika nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, brigedi zilizokuwa zimezoea kuangalia kusini zilihamishwa kwa reli na malori kupitia Tabora na Mwanza, na kando yao mgambo wa kila wilaya wakaitwa. Mgambo walikuwa watu wazima wenye kaya na mashamba, walioacha nyuma kazi za msimu huku wenzao wa kudumu wakiacha familia kwenye kota zilizogeuka kuwa vijiji vya wanawake na watoto. Kampala ilichukuliwa tarehe 11 Aprili 1979, lakini vikosi vya Tanzania vilibaki Uganda hadi mwaka 1981, na kipindi hicho cha baada ya ushindi ndicho kilichozichosha familia zaidi, kwa kuwa hatari ilikuwa imepungua na bado mtu hakurudi. Wengi wa waliokufa walizikwa Kaboya wilayani Muleba, katika makaburi ya mashujaa yaliyo mamia ya kilomita kutoka makaburi ya ukoo wao, na jamaa wa Mtwara au Songea anayetaka kulifikia kaburi hilo hupanga safari ya kuvuka nchi nzima.

Kwa Ngara yenyewe mtihani mkubwa ulikuja kutoka upande mwingine. Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993 kulileta wimbi la kwanza la wakimbizi, na mnamo tarehe 28 na 29 Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24, wakajazana Benaco na baadaye katika kambi nyingine za jirani. Miezi michache baadaye jeshi lililoshindwa la Rwanda lilivuka kuingia Zaire pamoja na wake na watoto wa askari wake na kupiga kambi Mugunga, karibu na Goma, na hivyo likaonyesha kwamba msafara wa namna ya Lettow-Vorbeck haukuwa jambo la kale tu: jeshi lisilo na nchi huibeba kaya yake kwa sababu halina pa kuiacha. Upande wa Tanzania hali ilikuwa kinyume chake. Polisi na wanajeshi walioletwa Ngara, wakiwemo wale waliosimamia kurudishwa kwa Wanyarwanda mwezi Desemba 1996, walikuja bila familia, wakakaa katika mahema na majengo ya kuazima, na walipomaliza zamu wakabadilishwa na wengine.

Ulinzi wa zamu ndio umebaki kuwa namna ya kawaida ya mpaka huo. Jeshi huita kiteule kikosi kidogo kinachowekwa mbali na kambi mama, na kiteule, kwa jinsi kilivyo, hakina kota za ndoa. Askari huenda huko kwa miezi, huku mke na watoto wakibaki walipo. Mpango huo una mantiki yake, kwa sababu mlinzi asiye na kaya mpakani hana shamba la kupakana na la mtu, hana shemeji ng'ambo na hana deni dukani. Una hasara zake pia, na hasara kubwa ni kwamba anayelinda kilima hakijui: tarishi wa zamani wa Bugufi alimtambua kwa sura kila apitaye na mbuzi njia ya panya, ile njia isiyo rasmi ya kuvukia mpaka, wakati askari wa zamu huanza kujifunza lugha ya Kihangaza mwezi uleule anapofungasha kuondoka. Ni vigumu kusema kwamba serikali yoyote, ya kikoloni au ya baada yake, imewahi kupata vyote viwili kwa pamoja.

Kanuni za leo zimeuhamisha uzito wa familia kutoka kwa askari mwenyewe hadi mwanzo wa ajira yake. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi hudai mwombaji awe hajaoa au kuolewa na asiwe na mtoto, kwa dhana kwamba kijana wa namna hiyo anaweza kupelekwa kokote, na katika muongo wa 2010 serikali ilijenga maelfu ya nyumba za wanajeshi katika mikoa kadhaa ili kupunguza upungufu wa kota uliolimbikizana tangu uhuru. Majeshi tajiri yamekwenda mbali zaidi: jeshi la Marekani, kwa mfano, lina mpango wa kuandikisha wanafamilia wenye ugonjwa au ulemavu unaohitaji huduma maalumu, na jalada hilo huangaliwa kabla mzazi hajapangiwa kituo. Nchini Tanzania jambo la namna hiyo hupitia kwa kamanda, kwa barua na kwa busara yake, na askari mwenye mtoto mgonjwa anayehitaji hospitali kubwa huomba uhamisho au nafasi ya kubaki alipo akitegemea kusikilizwa. Ngara ina hospitali za misheni zenye historia ndefu, ya Murgwanza na ya Rulenge, lakini ugonjwa unaohitaji bingwa hupelekwa Bugando, Mwanza, na kila mzazi aliyepangiwa mpakani anaujua umbali huo kabla hajafungua ramani.

Nje ya jeshi, mahitaji ya familia za askari yanaonekana leo katika majalada ya utumishi wa umma, kwa kuwa wake wengi wa askari, na waume wa askari wa kike, ni walimu, wauguzi na maofisa wa halmashauri. Mtumishi wa namna hiyo anaruhusiwa kuomba uhamisho wa kufuata mwenza, akiambatisha cheti cha ndoa na barua ya mwajiri wa mwenza wake inayotaja kituo cha sasa. Walimu wana pia njia ya kubadilishana vituo, ambapo wawili wa wilaya tofauti wanaofundisha masomo yanayolingana huombana na kuandikiana, jambo ambalo askari hawezi kulifanya. Matokeo yake kwa wilaya ya mpakani ni ya upande mmoja: mwalimu wa Mabawe aliyeolewa na mwanajeshi wa Tabora au wa Dar es Salaam ana sababu halali ya kuondoka, wakati kiteule kisicho na kota hakimvuti mwalimu yeyote kuja, na pengo linalobaki darasani hujazwa, kama linajazwa, na mwajiriwa mpya ambaye bado hajaoa. Na iwapo mwanajeshi atahamishwa kabla ombi la mkewe halijajibiwa, barua ya kamanda aliyoambatisha haina tena kituo cha kweli ndani yake, na mwalimu huanza upya kutoka kwa mkuu wake wa shule.